Unga Wenye Harufu ya Yai Viza: Historia ya NAC Maabara

Mhusika wetu leo ni unga mweupe. Ukifungua kopo lake, harufu ya yai viza inakupokea kabla hujauona vizuri, maana ndani yake mna salfa. Jina lake ni asetilisisteini, lakini maabara wanauita NAC, nami nitafuata desturi yao. Hospitalini unga huu huyeyushwa ukatiwa kwenye mshipa wa mgonjwa aliyemeza parasetamoli kupita kiasi, na watu wengi wako hai leo kwa sababu yake. Maabara hutiwa kwenye vyombo vya kukuzia seli ili kujibu swali moja: je, madhara haya ninayoyaona yameletwa na oksijeni? Kazi ya kwanza imeupa sifa. Kazi ya pili imeuletea ugomvi ambao haujaisha, na ugomvi huo ndio uliotukusanya leo.

Tuanze na oksijeni yenyewe. Kwamba hewa tunayoivuta ili tuishi yaweza pia kutudhuru halikuwa jambo jepesi kulikubali. Mwaka 1900, katika Chuo Kikuu cha Michigan, mkemia Moses Gomberg, mzaliwa wa Ukraine aliyehamia Marekani, alionyesha kwamba kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenzake kinaweza kuwepo na kudumu. Elektroni kwa kawaida hukaa mbilimbili. Ikibaki moja, kipande hicho hutafuta kuinyang'anya molekuli jirani ya kwake, na jirani naye akiisha kunyang'anywa huhamia kwa mwingine. Vipande hivyo ndivyo radikali huru. Wengi hawakumwamini Gomberg, na yeye alimaliza makala yake kwa kuomba aachiwe uwanja huo peke yake. Hakuachiwa.

Kwa miaka 50 hivi radikali zilibaki mali ya wakemia, watu wa mafuta, mpira na plastiki. Aliyezivusha hadi kwenye mwili wa kiumbe hai, kwa maoni yangu, hatajwi inavyostahili. Ni Rebeca Gerschman, mwanafiziolojia wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Rochester, jimbo la New York. Aliona kwamba panya waliowekwa kwenye oksijeni yenye shinikizo kubwa na panya waliopigwa mionzi ya eksirei walidhurika kwa namna zinazofanana, na kwamba baadhi ya kemikali zilizokinga na mionzi zilisaidia pia dhidi ya oksijeni. Mwaka 1954 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science hoja kwamba njia ni moja: radikali huru. Baadaye alirudi kwao Buenos Aires. Ukisoma vitabu vingi, utaona historia inarukia moja kwa moja kwa mwanamume aliyemfuata.

Mwanamume huyo ni Denham Harman. Alikuwa mkemia wa kampuni ya mafuta ya Shell kabla ya kwenda kusomea udaktari Stanford. Mwaka 1956, akiwa Berkeley, alichapisha nadharia kwamba kuzeeka kwenyewe ni kazi ya radikali huru: zinaharibu kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka mwili unachoka. Kisha akafanya jambo ambalo naomba mlikumbuke, kwa sababu hadithi yote ya leo inalizunguka. Aliwalisha panya kemikali zinazozuia uoksidishaji, yaani antioksidanti, zikiwemo zile zinazotumika kuzuia mafuta ya chakula yasichache, akangoja aone kama wataishi zaidi. Baadhi ya makundi yaliishi zaidi kwa wastani, ingawa umri wa juu kabisa wa panya haukusogea kwa namna ya kushawishi.

Angalieni mantiki iliyomo. Nashuku jambo X limeletwa na oksijeni. Naweka kizuizi cha oksijeni. Jambo X limepungua. Basi lilikuwa la oksijeni. Inasikika safi kabisa, na maabara nyingi zimejengwa juu yake.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja mwaka 1969 kutoka Chuo Kikuu cha Duke. Joe McCord, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu, na mwalimu wake Irwin Fridovich waligundua kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuimeza radikali ya oksijeni iitwayo superoksidi na kuigeuza kuwa haidrojeni peroksidi na oksijeni ya kawaida. Jambo la kufurahisha ni kwamba protini hiyo ilikuwa tayari imepatikana kwenye damu ya ng'ombe mwaka 1938 huko Cambridge. Ilijulikana kuwa na shaba ndani yake, ikakaa miaka 30 bila mtu kujua inafanya nini. Sasa ikawa dhahiri kwamba kama seli hutumia mali yake kujilinda na kitu, basi kitu hicho hakika kipo. Lakini mwaka 1973 Bernard Babior na wenzake wakaonyesha kwamba chembe nyeupe za damu hutengeneza superoksidi hiyo hiyo kwa makusudi, ziwaulie vijidudu. Kwa hiyo radikali ni hatari na ni silaha yetu pia. Mwaka 1985 Helmut Sies wa Düsseldorf, Ujerumani, aliipa hali ya mizani kuelemea upande wa uharibifu jina lililoenea: msongo wa oksidi. Jina likishapatikana, mtafiti huhitaji kitu cha kulipimia, na hapo ndipo unga wetu unapoingia.

NAC haikuzaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Marekani, ilitengenezwa iwe dawa ya makohozi. Makohozi mazito hushikana kwa sababu protini zake zimefungwa pamoja na vifungo vya salfa mbili mbili. NAC ina salfa yake iliyo huru, nayo hukata vifungo hivyo, makohozi yakalegea na mgonjwa akayatoa. Mpaka leo kuna nchi ambako unainunua ikiwa kidonge cha kuyeyusha kwenye glasi ya maji. Ishikeni sifa hiyo ya kukata vifungo vya salfa, kwa sababu itarudi kumsumbua mtu.

Sasa twende Edinburgh, Scotland. Parasetamoli, ambayo kwetu wengi tunaiita panado na hakuna duka la mtaani lisilokuwa nayo, iliingia sokoni Uingereza katikati ya miaka ya 1950. Kwa dozi ya kawaida ni dawa salama sana. Lakini mwaka 1966 madaktari wa Scotland waliripoti wagonjwa walioimeza kwa wingi ambao ini lao liliharibika, wengine wakafa. Kibaya zaidi, mgonjwa huweza kuonekana mzima siku ya kwanza, akazungumza na ndugu zake, na ini likaanza kuanguka siku zinazofuata.

Mwaka 1973, watafiti wa Bethesda, karibu na Washington, walieleza kinachotokea. Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa kitu kikali. Kitu hicho hudakwa na glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa ambayo seli zetu zote hujikingia nayo. Dozi ikiwa kubwa mno, glutathioni inaisha, na kile kitu kikali kinageukia protini za ini lenyewe. Majaribio kwa panya yalionyesha kwamba madhara huanza pale akiba ya glutathioni iliposhuka kwa asilimia 70 hivi.

Niongeze hapa kwamba glutathioni inawahusu sana watu wa pwani yetu. Wako wengi, Afrika Mashariki na kwingineko kwenye malaria, waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Chembe zao nyekundu za damu haziwezi kuirudisha glutathioni upya kwa kasi inayotakiwa. Wakipewa dawa fulani, primakwini ya malaria kwa mfano, chembe hupasuka. Siri hiyo ilifumbuliwa miaka ya 1950 kwa majaribio yaliyofanyiwa wafungwa huko Illinois, Marekani, jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa.

Turudi Edinburgh. Daktari Laurie Prescott na wenzake walifikiri: kama tatizo ni glutathioni kwisha, tumpe mgonjwa malighafi ya kuitengeneza. Malighafi hiyo ni sisteini. Walianza na kemikali ya jamii hiyo iitwayo sisteamini, ambayo ilisaidia lakini iliwatapisha wagonjwa vibaya. Wakageukia dawa ya makohozi, NAC, ambayo ndani yake mna sisteini. Mwaka 1977 waliripoti matokeo ya kwanza ya NAC iliyotiwa mshipani, na mwaka 1979 wakatoa hesabu ya wagonjwa 100. Kati ya 62 waliotibiwa ndani ya saa 10 tangu kumeza dawa, mmoja tu ndiye aliyepata madhara makubwa ya ini. Kati ya 38 waliochelewa kupita saa 10, waliopata ni 20. Na kati ya wagonjwa 57 wa nyuma ambao hawakupewa dawa maalumu, walikuwa 33. Linganisheni wale waliochelewa na wale ambao hawakutibiwa kabisa, mtaona kwamba saa zina uzito kama dawa yenyewe. Leo NAC imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu walipoteleza. Edinburgh waliuliza swali dogo. Walijua sumu ni ipi, walijua kinga iliyopungua ni ipi, wakatoa malighafi ya kinga hiyo. Hawakudai kwamba NAC inazunguka mwilini ikizikamata radikali. Lakini dawa ikishaokoa maisha, jina lake hutangulia mbele ya maelezo yake. Maabara wakasema: hii ni antioksidanti, ni rahisi, haina sumu kali kwa seli, inayeyuka kwenye maji. Wakaanza kuimimina.

Mwaka 1989, Okezie Aruoma, Barry Halliwell na wenzao walikuwa wameshapima kwa makini NAC inafanya nini ikikutana na aina kadhaa za oksijeni kali. Iliingiliana kwa nguvu na radikali ya haidroksili, kama vitu vingi vifanyavyo. Kwa haidrojeni peroksidi ilikwenda polepole. Na kwa superoksidi, ile ile ya McCord na Fridovich, hawakuona mwingiliano wowote wa kupimika. Makala hiyo imenukuliwa mara nyingi sana, na mara nyingi na watu wanaoandika kwamba NAC huondoa superoksidi. Sina maelezo ya kistaarabu kwa hilo.

Kilichoipandisha NAC kabisa ni UKIMWI. Mwaka 1990, kundi la Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha kwamba NAC ilipunguza kuzaliana kwa virusi ndani ya seli za maabara. Mwaka uliofuata watafiti wa Ujerumani waliripoti kwamba haidrojeni peroksidi huiwasha NF-kappa B, protini ambayo huamsha jeni za ulinzi na ambayo virusi huitumia kujizalisha, na kwamba NAC huizima. Mkumbuke wakati wenyewe. Hakukuwa na mchanganyiko wa dawa za kupunguza makali tunaoujua leo. Huku kwetu, mwaka huo huo wa 1990, Kenya ilikuwa inatangaza dawa ya UKIMWI iitwayo Kemron, nayo haikutimiza matumaini yaliyowekwa juu yake. Unga wa bei nafuu unaopunguza virusi ndani ya chombo cha maabara ulikuwa habari ya kukimbiza moyo. Haukuwa tiba. Lakini umaarufu wake maabara ulibaki, na mantiki ya Harman ikaenea kila mahali: tia NAC, jambo likiisha, lilikuwa la oksijeni.

Ukisikia purukushani usiku nyuma ya nyumba, ukamwaga ndoo ya maji dirishani, kelele zikakoma, huwezi kuamka asubuhi ukatangaza kwamba palikuwa na moto. Huenda walikuwa paka.

Ndivyo ilivyokuja kuonekana. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walirudi kwenye hadithi ya NF-kappa B. Waligundua kwamba NAC ilikuwa ikiizima kwa njia nyingine kabisa: iliharibu uwezo wa kipokezi kilicho juu ya seli kuishika TNF, protini inayoleta ujumbe wa kuwasha uvimbe. Ujumbe haukupokelewa, kwa hiyo hakuna kilichowashwa, na oksijeni haikuhusika. Kumbukeni protini nyingi zilizo nje ya seli hushikiliwa na vifungo vya salfa, na hapa tuna dawa iliyobuniwa ikate vifungo vya salfa. Miaka 12 ya makala zilizofuata mkondo ule ikawa na alama ya kuuliza juu yake.

Kuna vikwazo vya kawaida zaidi, ambavyo fundi wa maabara anavijua kuliko profesa. NAC ni asidi. Ukiiyeyusha bila kuirekebisha, ukaimimina kwenye maji ya kukuzia seli, unabadilisha uchachu wa maji hayo, na seli zinaitikia uchachu. Ikikaa imeyeyushwa, inaoksidika yenyewe na kupoteza nguvu, kwa hiyo ya wiki iliyopita na ya leo si kitu kimoja. Na kama kile unachokijaribu ni dawa ya saratani inayopenda kushikamana na salfa, NAC inaweza kuidaka pale pale kwenye maji kabla haijaigusa seli. Mtafiti anaona seli zimepona, anaandika kwamba dawa inaua kwa msongo wa oksidi, kumbe dawa haikufika. Halliwell, ambaye baadaye alihamia Singapore, aliongeza shida nyingine: kukuza seli kwenye chombo chenye hewa ya kawaida ni kuziweka kwenye oksijeni nyingi kuliko zinayoipata ndani ya mwili, na baadhi ya antioksidanti maarufu, zikiwemo za chai ya kijani, zikiwekwa kwenye maji hayo huzalisha haidrojeni peroksidi zenyewe. Kizuizi kinakuwa chanzo.

Basi NAC inakinga vipi, maana mara nyingine inakinga kweli? Mwaka 2018 kundi la Tobias Dick, katika kituo cha utafiti wa saratani cha Heidelberg, lilitoa jibu ambalo mimi linanivutia kuliko yote. Seli huichambua NAC ikapata sisteini, na ziada ya sisteini huvunjwavunjwa ikatoa haidrojeni salfaidi, ile gesi yenyewe ya yai viza, kisha aina nyingine za salfa ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Salfa hizo ndizo zilizoonekana kutoa kinga. Kinga ipo, ila aliyeifanya ni kitukuu wa NAC.

Yametokea pia majaribio yaliyoigeuza hadithi juu chini. Huko Montreal, mwaka 2010, Wen Yang na Siegfried Hekimi walifanya kazi na minyoo wenye urefu wa milimita 1 hivi, waliobadilishwa jeni zinazohusu mitokondria, ambao huishi muda mrefu kuliko wenzao. Minyoo hao walikuwa na superoksidi zaidi. Walipopewa NAC, umri wa ziada ukatoweka. Ukisimama hapo, una jaribio lile lile linalotegemea NAC, na una haki ya kutilia shaka. Lakini walifanya pia kinyume chake: waliwapa minyoo wa kawaida kiasi kidogo cha parakwati, ile sumu ya magugu ambayo wakulima wetu wanaijua, na ambayo huzalisha superoksidi. Minyoo wakaishi zaidi. Njia mbili tofauti zikakutana, na hapo ndipo hoja inapata miguu. Msijaribu parakwati nyumbani. Hao ni minyoo, na kwa binadamu hata funda moja linaua.

Mwaka 2014, huko Gothenburg, Sweden, kundi la Martin Bergö liliwapa NAC au vitamini E panya waliokuwa na uvimbe mdogo wa saratani ya mapafu. Uvimbe ulikua kwa kasi zaidi na panya wakafa mapema. Seli za saratani nazo husumbuliwa na oksijeni, na ukizipunguzia usumbufu zinanawiri. Waliofuatilia utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1994, wanaume 29,133 wavutaji sigara, ambamo waliopewa beta-karotini, nayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18, hawakushangaa sana. Wauzaji wa virutubisho kwenye mabasi yetu bado hawajapata taarifa.

Maabara makini leo hazijaitupa NAC. Zinaizungushia walinzi. Hutumia pacha wake wa kioo, aina ya D, ambayo ina salfa ile ile lakini seli haiwezi kuitumia kutengenezea glutathioni. Kama pacha naye anakinga, basi glutathioni si jibu. Hutumia kemikali inayozuia seli isitengeneze glutathioni kabisa. Huongeza vimeng'enya vinavyojulikana kazi zake. Na badala ya kukisia, hupima haidrojeni peroksidi yenyewe kwa protini zinazong'aa ndani ya seli hai, kama ile iitwayo HyPer iliyotokea Moscow mwaka 2006. Mwaka 2022 kundi kubwa la wataalamu, akiwemo Michael Murphy wa Cambridge na Halliwell mwenyewe, walichapisha mwongozo wa upimaji, wakaonya wazi kwamba athari ya NAC peke yake haitoshi kudai kwamba oksijeni imehusika. Makala zinazodai hivyo zinaendelea kutoka.

Na hospitalini? Kule swali lilibaki dogo, na kazi ikasonga. Utaratibu wa awali wa Edinburgh ulichukua saa 20 na robo, na sehemu kubwa ya dawa iliingia haraka mwanzoni, wagonjwa wakatapika na wengine kupata mzio. Mwaka 2014 hospitali za Edinburgh, Newcastle na Aberdeen ziliripoti utaratibu mpya wa saa 12, dozi ile ile ya miligramu 300 kwa kila kilo ya mwili, ila ikianza taratibu zaidi. Kutapika kulipungua, na mzio ukapungua.